Bunduki ya Mwanga: Ipimwe Kwanza, Isawazishwe Baadaye

Katika mashine zote zinazowekwa katika majumba ya michezo, hapana inayolaumiwa upesi na kutengenezwa kwa pupa kama ile yenye bunduki ya mwanga. Maana mchezaji akikosa shabaha mara tatu hunung'unika kuwa mashine inamdhulumu, na mwenye jumba, kwa kuchelea kumpoteza mteja, hukimbilia menyu ya majaribio, akapiga pembe mbili za kiwambo kama anavyoagizwa, kisha akaifunga menyu kwa yakini kwamba kazi imekwisha. Aghalabu kazi hiyo huwa haijaanza. Kusawazisha ni kuihamisha alama kutoka inapoangukia hadi inapotakiwa iangukie, na jambo hilo lina faida pale tu ambapo alama huangukia mahali pamoja kila mara. Ama bunduki ambayo sasa inapotoka kwa kuume na baada ya dakika kumi inapotoka kwa chini, hata ikisawazishwa mara mia haitatulia, kwa kuwa dosari yake haimo katika hesabu za mashine bali imo katika lenzi, katika waya, katika giya au katika taa. Kwa sababu hiyo shauri langu, ambalo mengine yote katika makala haya yanalifuata, ni kwamba bunduki ipimwe kabla ya kusawazishwa, na anayeipima aijue kwanza ni ya jinsi gani.

Mwanzoni kabisa mwanga ulitoka katika bunduki yenyewe. Mashine ya Seeburg iitwayo Ray-O-Lite, iliyotokea Marekani mwaka 1936, ilikuwa na bata aliyebeba jicho la umeme, na mchezaji alimrushia mwali wa taa kutoka mtutuni. Baadaye mambo yakageuka: jicho likahamia ndani ya mtutu, na mwanga ukawa unatoka kwenye shabaha. Bunduki ya Magnavox Odyssey ya mwaka 1972 ilikuwa na jicho lisilochagua, hata taa ya sebuleni ikielekezwa ilihesabiwa kuwa imepigwa. Nintendo waliuziba mwanya huo katika bunduki ya Duck Hunt, mchezo wa mwaka 1984, kwa tadbiri nzuri sana: kifyatulio kikivutwa kiwambo huwa cheusi kwa fremu moja, kisha mahali pa bata hutokea mraba mweupe, na mashine huuliza kama jicho liliona giza kwanza na mwanga baadaye. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliokua katika miaka ya 1990 huenda wakaikumbuka jinsi hii, kwani ilifuatana na zile mashine za bei nafuu zilizochomekwa katika televisheni ya nyumbani. Bunduki ya namna hiyo haina cha kusawazishwa, maadamu hujibu ndiyo au la na si zaidi. Kinachopimwa kwayo ni upana wa duara inaloliona, nao hupatikana kwa kulenga katikati ya shabaha iliyosimama, kisha kusogea kidogo kidogo kwenda nje mpaka ikose, na kuandika umbali huo kwa pande zote nne. Duara likiwa pana mno mchezo hupoteza maana. Likiwa jembamba mno, au likiwa limelalia upande mmoja, lenzi imetoka mahali pake.

Jinsi ya pili ndiyo inayostahili maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo yenye hila nyingi na ndiyo iliyotumika katika michezo kama Lethal Enforcers wa Konami wa mwaka 1992, na pia katika GunCon ya Namco iliyochomekwa katika waya wa picha wa PlayStation. Bunduki hiyo hutegemea saa. Katika televisheni yenye chogo picha haitokei yote kwa pamoja, bali mwali wa elektroni huichora mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kuume na kutoka juu kwenda chini. Kwa mtindo wa Marekani na Japani kila mstari huchukua takriban maikrosekunde 63.5, na kwa mtindo wa PAL uliotumika Kenya na Tanzania maikrosekunde 64. Jicho la mtutuni hushtuka pale mwali unapopita mbele yake, na mashine, kwa kuitazama saa yake wakati ule ule, hujua ni mstari wa ngapi na ni sehemu gani ya mstari huo. Zingatia basi udogo wa kipimo chenyewe: sehemu ya mstari inayoonekana kiwamboni ni kama maikrosekunde 52, kwa hiyo katika picha yenye upana wa sentimita 50, jicho likichelewa kwa maikrosekunde moja tu alama husogea kuume kwa karibu sentimita moja, na katika viwambo vya kasi ya kilohezi 31, ambavyo mstari wake huchukua nusu ya muda huo, msogeo huwa karibu sentimita mbili. Kwa wima hali ni afadhali, kwani mistari 240 katika kimo cha sentimita 37.5 ni milimita moja na nusu kwa kila mstari.

Na jicho huchelewa kwa sababu halishtuki mpaka mwanga ufikie kiasi fulani. Kiwambo kikiwa angavu na lenzi ikiwa safi, kiasi hicho hufikiwa mara mwali unapoingia katika duara la jicho. Kiwambo kikififia, au lenzi ikifunikwa na vumbi na mafuta ya vidole, hufikiwa baadaye, ilhali mwali umekwisha kusonga mbele. Kwa kuwa mwendo wa mwali ni wa kuume na wa chini, alama nayo huhamia kuume na chini. Ndiyo maana michezo mingi hukifanya kiwambo chote kiwe cheupe kwa fremu moja kifyatulio kinapovutwa, na ndiyo maana fundi anayeiona alama ikihamia kuume na chini kwa pamoja, na zaidi katika sehemu zenye giza, ashuku upungufu wa mwanga kabla ya kushuku jambo jingine lolote. Hapa ndipo wengi wanapojidhuru, kwani huisawazisha bunduki yenye lenzi chafu, na siku lenzi itakapofutwa alama itaruka upande wa pili.

Jinsi ya tatu ni ile iliyofungwa katika mashine kwa mhimili, kama ya Terminator 2 ya Midway ya mwaka 1991; bunduki hizo wengi huziita za mwanga ingawa hazioni mwanga wowote: zina potenshiometa mbili, moja ya kwenda kushoto na kuume na moja ya kupanda na kushuka, na mashine husoma namba tu, kwa kawaida kutoka 0 hadi 255. Kupima kwake ni rahisi. Fungua menyu inayoonyesha namba hizo, ipeleke bunduki polepole kutoka kikomo kimoja hadi kingine, na utazame namba zipande bila kuruka wala kurudi nyuma. Zikiruka, njia ya kaboni ndani ya potenshiometa imechakaa. Kisha ifikishe bunduki katikati kutoka kushoto, uandike namba, uifikishe tena hapo hapo kutoka kuume, uandike. Tafauti ya namba hizo mbili ni pleyi ya giya, na hakuna kusawazisha kunakoondoa pleyi.

Zilizobaki ni za zama hizi, zilizotungwa kwa sababu televisheni bapa hazina mwali unaochora, na picha zake huhifadhiwa kwanza ndani ya televisheni kabla ya kuonyeshwa, kwa hiyo saa ya bunduki ya zamani haina cha kuhesabu. Katika hizo bunduki hubeba kamera. Ama kamera hutafuta taa za infraredi zilizopangwa pembeni mwa kiwambo, kama ilivyofanya Wii ya Nintendo mwaka 2006 kwa mafungu mawili ya taa, ama hutafuta fremu nyeupe iliyochorwa kuizunguka picha, kama ilivyobuniwa na Mwingereza Andrew Sinden. Jambo moja lieleweke kabla ya kununua: taa mbili huipa kamera mahali, umbali na mlalo wa mkono, lakini haziiambii kiwambo kinaonekana kwa upande gani, na kwa hiyo bunduki ya taa mbili husema kweli mahali pale iliposawazishwa, na mchezaji akisogea mbele au pembeni huanza kupotoka, ilhali taa nne, au pembe nne za fremu nyeupe, hutosha kuhesabu umbo lote la kiwambo, na alama hufuata mstari wa jicho popote mchezaji aliposimama. Anayetaka kulenga kwa kutumia alama zilizo juu ya mtutu, na si kwa kufuata msalaba unaocheza kiwamboni, asinunue ya taa mbili.

Sasa tuje kwenye upimaji. Kabla ya yote washa mashine na uiache ipate joto kwa nusu saa ikiwa kiwambo chake ni cha chogo, kwa maana picha hubadilika upana kadiri vyombo vya ndani vinavyopata moto. Na pale ambapo umeme hupungua nguvu jioni, kama ilivyo katika miji yetu mingi, funga stabilaiza, kwa kuwa katika viwambo vikongwe umeme ukishuka picha hunywea, na bunduki iliyosawazishwa asubuhi huonekana imeharibika usiku. Hakikisha picha imekaa katikati na imefika kingo zote nne. Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu. Kwa bunduki za infraredi funga mapazia, zima balbu za uzi na uondoe meza ya kioo iliyo mbele ya kiwambo, kwani jua, balbu, hata mshumaa, vyote vina infraredi, na kioo huizalisha mara ya pili kwa kuiakisi; kisha zitazame taa zenyewe kwa kamera ya simu, ya mbele ikiwezekana, nawe utaziona ziking'aa kwa rangi ya zambarau ilhali jicho halioni kitu. Taa moja ikiwa imekufa umekwisha kuupata ugonjwa.

Usipime kwa mkono mtupu. Mkono hutetemeka, na mtetemo wake utachanganyika na dosari ya bunduki usijue kipi ni kipi. Lalisha bunduki juu ya mfuko wa mchanga, au uibane katika jiliwa baada ya kuizungushia kitambaa, kwa umbali ule ule ambao mchezaji husimama, lenga katikati, na ufyatue mara kumi pasipo kuigusa zaidi ya kifyatulio. Kila alama inapoangukia itie nukta juu ya plastiki angavu iliyobandikwa kiwamboni, au, kama menyu inatoa namba, ziandike daftarini. Sasa unayo mambo mawili ambayo kamwe yasichanganywe: umbali kati ya shabaha na katikati ya nukta zote kumi, nao ni upotofu, na umbali kati ya nukta mbili zilizoachana zaidi, nao ni mtawanyiko. Upotofu husawazishwa. Mtawanyiko hutengenezwa. Mimi, kwa kiwambo cha upana wa sentimita 50, sikubali kuigusa menyu ya kusawazisha maadamu mtawanyiko umezidi sentimita moja, kwani vichwa vya maadui katika michezo hii, wakiwa mbali, havizidi sentimita chache, na mchezaji stadi atalipishwa kosa lisilo lake.

Mtawanyiko ukizidi, badilisha plagi: bunduki ya mchezaji wa kwanza ichomekwe kwa wa pili, na ya pili kwa wa kwanza. Ugonjwa ukihama na bunduki, umo ndani ya bunduki au waya wake, na aghalabu ni waya, kwa kuwa hukunjwa na kuvutwa mchana kutwa pale unapoingia katika kitako. Ukibaki palepale, umo katika saketi au katika kiwambo. Jaribio hili haligharimu ila dakika mbili na bisibisi, nami hustaajabu jinsi watu wanavyoagiza bunduki mpya kutoka ng'ambo kabla ya kulifanya.

Mtawanyiko ukiridhisha, rudia kazi katika mahali tisa: pembe nne, katikati ya kingo nne, na katikati ya kiwambo. Hapo nukta zitaanza kukueleza habari. Zikihama zote kwa upande mmoja na kwa kiasi kimoja, furahi, kwani hiyo ndiyo kazi hasa ya menyu ya kusawazisha. Zikiwa sawa katikati na kuzidi kupotoka kwenda nje kadiri unavyozikaribia kingo, mashine inaidhani picha kuwa kubwa au ndogo kuliko ilivyo, nawe urekebishe upana wa picha kwanza na bunduki baadaye. Umbo lote likiwa limezunguka, kana kwamba mraba umeinamishwa, taa za infraredi hazikulazwa sawa au kamera imegeuka ndani ya mtutu, na dawa ni kufungua na kuinyosha. Lakini zikiwa sawa katikati na katika kingo, na mbovu katika pembe peke yake, tahadhari, kwa sababu kiwambo cha chogo kimezoea kuivuta picha pembeni, na menyu ya kupiga pembe mbili hudhani kwamba kati ya pembe hizo njia imenyooka. Ukizipiga pembe kwa uaminifu utakuwa umelichukua kosa la pembeni, ambako maadui ni wachache, ukalileta katikati, ambako mchezo wote hutokea. Katika hali hiyo nashauri fundi arekebishe umbo la picha kwanza, na likikataa, azipige pembe kwa kusogea ndani au nje kidogo mpaka katikati pawe sahihi.

Kuna na suala la alama za kulengea. Jicho au kamera ya bunduki haikai juu ya mtutu pamoja na alama hizo, bali hukaa chini yake, tuseme kwa sentimita tatu. Kwa hiyo njia mbili, ya jicho la mchezaji na ya jicho la bunduki, hukutana mahali pamoja tu. Ukisawazisha kwa umbali wa mita mbili zitakutana kwa mita mbili, na mchezaji akisogea hadi mita moja alama itakosa kwa sentimita moja na nusu. Si nyingi, lakini ni sababu ya kutosha ya kubandika mkanda sakafuni na kusawazisha umesimama juu yake. Kwa bunduki ya kamera umbali huo una mpaka wake pia: kamera inayoona digrii 33 kwa upana, ikielekezwa katikati ya televisheni ya inchi 55, haizioni taa za pande zote mbili mpaka mchezaji arudi nyuma zaidi ya mita mbili, na ndiyo maana bunduki nyingi zilizoundwa kwa mikono ya wapenzi wa michezo husifiwa ukumbini na kulaaniwa chumbani.

Baada ya kusawazisha, zima mashine, ngoja kidogo, iwashe tena na ufyatue tena mara kumi juu ya mfuko wa mchanga. Saketi nyingi za zamani huhifadhi vipimo katika kumbukumbu inayolishwa na betri, na betri ikifa vipimo hupotea kila umeme unapokatika. Kisha mpe mtu mwingine, mrefu au mfupi kuliko wewe, apige mahali tisa kwa mkono. Wewe umekwisha kuizoea bunduki na mkono wako unaisaidia bila ya kujua.

Kwa wanaocheza michezo hii ya zamani katika kompyuta na televisheni bapa, yapo mawili ya kuongeza. Programu ya MAME huacha eneo mfu katikati kwa ajili ya vijiti vya kuchezea, na bunduki ikitambuliwa kama kijiti alama itanata katikati ya kiwambo. Eneo hilo lifanywe sifuri. La pili ni ucheleweshaji, ambao humfanya mtu aidhani bunduki imepotoka ilhali imechelewa tu: shabaha iliyosimama hupigwa, inayokimbia hukoswa, na siku zote kwa upande wa nyuma yake. Weka televisheni katika hali ya michezo, chukua simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, uirekodi bunduki ikigeuzwa ghafla pamoja na kiwambo, kisha uhesabu picha zilizopita kati ya bunduki kugeuka na msalaba kuanza kusogea. Kila moja ni kama milisekunde 4.2. Zikizidi ishirini na tano umefikia sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo tafuta televisheni nyingine, usiisumbue bunduki.

Nanyi wenye majumba ya michezo, wekeni daftari ndani ya mlango wa kila mashine, liandikwe tarehe, upotofu na mtawanyiko, na upimaji ufanywe kila wiki kabla ya kufungua. Mtoto anayekuja na sarafu zake amekuja kuupima ustadi wake, naye ana haki ya kukosa kwa kosa lake mwenyewe. Mashine ambayo mtawanyiko wake umezidi sentimita mbili juu ya mfuko wa mchanga izimwe, ibandikwe karatasi ya kusema kwamba ni mbovu, wala isipokee fedha ya mtu yeyote mpaka itengenezwe.